Ng'ombe Walishuka Bila Maua

Verona, 14 Mei 1961

Kaka Kassian,

Salamu zikufikie hapo Hochrain, wewe na Mama, na hata yule mbwa wenu mkorofi kama bado anaishi. Sisi huku hatujambo. Loretta ametimiza miaka sita na ameng'oka jino la mbele. Amelifunga kwenye kitambaa, anasema ni la kumwonyesha bibi yake. Silvano ametolewa kwenye mabehewa ya mizigo, sasa yuko stesheni yenyewe. Anapiga filimbi na kupunga kibendera, na akirudi nyumbani anatamba kana kwamba treni zote za Italia zinamngoja yeye.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kwenye barua yako ya Pasaka uliandika kwamba kifua cha Mama hakijapona tangu Januari, kisha ukarukia habari za ndama. Mimi nilibaki pale pale kwenye kifua. Ni miaka saba sijamwona Mama, Kassian. Tangu siku niliyoolewa, siku ambayo hakuja hata mtu mmoja kutoka bondeni na chakula kikabaki. Nataka kuja Julai, wakati wa kukata nyasi, sote watatu. Tutashuka treni Bolzano tupande basi. Silvano ana likizo ya siku kumi, na fyekeo analijua, baba yake alikuwa mkulima. Hatutakula bure.

Barua hii mpe Mama mkononi. Usimsomee wewe, maana nakujua kwa kurukaruka mistari.

Mdogo wako,
Burgl


Hochrain, 4 Juni 1961

Mdogo wangu Burgl,

Barua imefika. Mama ameisoma mara tatu kwa miwani na mara moja bila miwani, kujidai tu. Anakusalimu sana, na anasema hilo jino lisipotee. Kifua chake kiko vile vile. Asubuhi anakohoa, mchana anagombana na kuku, kwa hiyo usijitie homa. Ng'ombe tunawapandisha malisho ya juu wiki ijayo, kumi na mmoja na ndama wawili. Theluji mwaka huu imekawia kuyeyuka.

Naona sasa unaandika Bolzano. Mama alitufundisha kuandika Kijerumani darini, kwa kujificha, enzi zile walimu wa Kitaliano wakituchapa shuleni kwa neno moja tu la kwetu. Mji huo alituandikia kwa jina la kwetu, Bozen. Nakukumbusha tu, sikugombezi.

Kuhusu kuja, wewe njoo. Njoo hata kesho, mlete na mtoto. Lakini huyo Mtaliano wako, mla ugali wa mahindi, mwache huko na filimbi yake. Sina ugomvi naye, hata simjui. Ila hujui hewa ya huku mwaka huu. Watu hawataki kusikia Kitaliano njiani, hata kiwe salamu. Valtin wa shamba la Steinwand, jirani yetu yule yule, ameacha kunywa kwenye kilabu cha stendi kwa sababu mwenye kilabu kamwajiri msichana wa kutoka Napoli. Na Valtin kuacha kunywa unajua si jambo dogo. Kwani siku kumi bila mume zitakuua?

Kaka yako,
Kassian


Verona, 20 Juni 1961

Kaka Kassian,

Mama kwanza: mbusu mikono yake yote miwili kwa niaba yangu.

Redio tangu wiki iliyopita haina habari nyingine ila nguzo za umeme zilizolipuliwa huko kwenu na wasiotaka kutawaliwa na Italia. Wenzake Silvano stesheni wanamuuliza, "Vipi, shemeji zako wanatengeneza mabomu ya kilo ngapi?" Anawajibu kwamba ana shemeji mmoja tu, naye ni mtu wa ng'ombe, wamwache. Anakutetea, Kassian, mtu ambaye hujawahi kumpa mkono. Na mimi jana mwenye duka la mikate, ambaye miaka saba tunataniana, kanipa mkate bila kunitazama usoni. Huko kwenu mimi ni mke wa Mtaliano. Huku mimi ni Mjerumani wa mabomu. Nimechoka, nakwambia kweli.

Siji peke yangu. Nikija bila Silvano nitakuwa nimetangaza bonde zima kwamba namwonea aibu, na mwanangu masikio anayo. Tutakuja sote tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, siku ambayo Mama hupeleka mimea yake kanisani kubarikiwa. Nataka Loretta ambebee kile kicha.

Baba alipokufa ulichukua Hochrain yote, nyumba, msitu na malisho, kwa sababu kwa desturi yetu shamba haligawanywi. Sikulalamika. Nilitoka na sanduku moja la shuka. Lakini Mama si sehemu ya shamba. Usinifungie Mama.

Burgl


Hochrain, 3 Julai 1961

Mdogo wangu,

Sisi wazima, Mungu amesaidia. Nyasi za kwanza zimeingia ghalani, kisha zikatolewa tena nje, nitakueleza kwa nini.

Jumatano saa nne asubuhi walikuja askari, kumi na sita. Mama alikuwa anakanda mkate. Walidungadunga nyasi zote kwa vyuma virefu kutafuta baruti, wakapindua godoro lake, wakafungua hata pipa la kabichi. Hawakupata kitu kwa kuwa hakipo. Mmoja wao, mdogo kabisa, aliona aibu akamwambia Mama kwa Kitaliano, "Samahani, bibi." Mama akamjibu, kwa Kitaliano pia, "Si neno, mwanangu." Nilishangaa nikakosa pa kuangalia. Walipoondoka nikamuuliza, Mama, hayo maneno umeyatoa wapi? Akaniambia, "Nina mjukuu." Kumbe ana kitabu cha kujifunzia chini ya mto, na askari walikiona wakakiacha.

Lakini kwa Valtin walimchukua kijana wake mkubwa. Hajarudi, wala hakuna anayejua yuko wapi. Valtin hasemi na mtu. Anapita akiwa na shoka begani kila siku, na kuni hakati.

Usije Agosti. Sikuamuru, nakuomba. Ngoja ng'ombe washuke mwezi wa Septemba, watu wapoe. Nimezungumza na Mama, naye amekubali kwamba tusubiri. Anakusalimu wewe na mtoto.

Kassian


Verona, 12 Agosti 1961

Kaka Kassian,

Natumaini mko salama. Nimeandika tarehe 20 Julai na tena tarehe 2 mwezi huu, na hujajibu hata moja. Keshokutwa tungekuwa tunafunga mizigo, ila tumekaa, kama ulivyoomba. Loretta amenuna.

Shali ya sufu niliyomtumia Mama ilifika? Ni ya buluu, ya kufunga kifuani. Mwambie aniandikie mstari mmoja tu kwa mkono wake, hata ukiwa na makosa.

Nangoja.
Burgl


Hochrain, 24 Septemba 1961

Mdogo wangu Burgl,

Salamu nyingi. Nisamehe kwa kukawia, kiangazi hiki kazi imenila mzima mzima. Nyasi za pili zimekuwa nzuri kuliko za kwanza, ghala limejaa mpaka juu. Paa la zizi upande wa kaskazini nimebadilisha vibao, mia mbili na zaidi, peke yangu. Viazi ni vidogo, lakini vitamu. Yule mbwa uliyemuuliza bado yupo, amemng'ata mleta barua, ndiyo maana barua nazo zinachelewa, huo ni utani. Kijana wa Valtin ameachiwa wiki iliyopita. Amekonda, na mkono wa kushoto haunyooki vizuri.

Ng'ombe wameshuka salama juzi Ijumaa, wote kumi na mmoja, na ndama wamenenepa. Mwaka huu tumewashusha bila maua kichwani kwa ajili ya mvua.

Kuhusu kuja kwenu, tutazame majira ya kuchipua yatakavyokuwa. Baridi huku imeshaanza, mtoto asije akaugua. Msalimie.

Kaka yako,
Kassian


Verona, 28 Septemba 1961

Kassian,

Leo sisalimii.

Mvua haijawahi kumzuia mtu wa Hochrain kuwavika ng'ombe maua. Nilipokuwa na miaka tisa walishuka katika mvua ya mawe, na maua kichwani, na Baba akiimba. Wewe na mimi tunajua kwamba ng'ombe hushushwa bila maua kwa sababu moja tu, msiba nyumbani. Umeandika kurasa mbili. Mbwa yumo, viazi vimo, mkono wa mtoto wa Valtin umo. Salamu za Mama hazimo.

Niandikie wewe, nisije nikasikia kwa mtu mwingine.

Burgl


Hochrain, 3 Oktoba 1961

Burgl,

Mama alifariki tarehe 29 Julai, Jumamosi, saa nane mchana. Ilikuwa homa ya mapafu. Tulimzika Jumatatu.

Nimeinuka mezani mara tatu kabla ya kuandika mistari hiyo miwili. Sasa niache niendelee, na wewe usome mpaka mwisho ndipo unitukane.

Aliugua siku sita. Siku ya tatu daktari akaniambia nimwite kila wa kuitwa. Nikashuka mpaka posta, nikaiandika telegramu yako, jina na anwani, kila kitu. Valtin alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akaisoma juu ya bega langu. Akaniuliza, "Atakuja na nani?" Nikasema sijui. Akasema, "Unajua sana. Sikiliza, Kassian. Mama yako ndiye aliyenikata kitovu nilipozaliwa, nami nitambeba, mimi na watu wa mashamba yote ya juu, kama tulivyombeba baba yako. Ila Mtaliano akitembea nyuma ya jeneza hilo, tunaliweka chini njiani, ulibebe wewe." Hakupaza sauti. Mwanawe alikuwa bado kifungoni, na sisi sote tulidhani amekufa.

Njia ya kwetu unaijua. Saa moja na nusu mpaka kanisani, na pale korongoni wanaume wanane wanapokezana, na bado wanateleza. Hakuna gari linalofika. Kilichopo ni ule waya wa kushushia madebe ya maziwa. Nilikaa kwenye benchi la posta nikajaribu kuwaza Mama amefungwa kwenye waya, ananing'inia juu ya msitu kama debe, na bonde zima linatazama. Sikuweza. Nikaichana telegramu. Nilitakiwa kuchagua kati yako na wabebaji, nikachagua wabebaji.

Alikuuliza, Burgl. Kila siku aliuliza, basi lao linafika saa ngapi? Nikamwambia mko njiani. Siku zote sita nilimwambia mko njiani. Na ile habari kwamba alikubali msubiri mpaka Septemba niliitunga mwenyewe. Alipoisikia alinivurumishia kijiko. Shali ilifika. Amezikwa nayo.

Barua zako mbili nilizifungua jana tu. Nilijipa moyo kwamba nitakuambia uso kwa uso, kisha nikaogopa. Ni woga, sina jina jingine la kuupa.

Kassian


Verona, 15 Oktoba 1961

Kassian,

Silvano na Loretta wazima. Mimi si mzima.

Silvano hajui kusoma Kijerumani, kwa hiyo barua yako nilimfasiria jikoni. Nilipofika kwa Valtin nikanyamaza. Akaniambia, "Soma yote." Nikasoma yote. Nilipomaliza akasema neno moja tu: "Ningengoja stendi."

Angengoja stendi, Kassian! Siku nzima, kwenye jua, bila chakula, angengoja, nami ningemzika Mama. Ungeuliza tu! Kisha nakumbuka ni mimi niliyekuandikia mwezi Juni kwamba bila yeye siji. Ulikuwa na maandishi yangu mkononi. Hilo linanitafuna kuliko ulilofanya wewe, nami nakuchukia kwa sababu umenifanya nijichukie.

Na ungemshusha kwa waya. Ningempokea chini kwa mikono yangu. Mama angecheka, alikuwa hana makuu yale. Hayo makuu ni ya kwako.

Tarehe mosi Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, kila familia itasimama kwenye kaburi lake padri akipita kubariki. Saa nane mchana sisi tutakuwa kwenye kaburi la Mama, sote watatu, na Silvano hatangoja stendi. Kichwani pa kaburi ni mahali pa mwenye Hochrain. Ukitaka simama hapo, usipotaka bonde lote litaona pako wazi. Sitakuita, wala sitakusemesha.

Burgl


Hochrain, 6 Novemba 1961

Mdogo wangu Burgl,

Natumaini mlifika salama na mtoto hakupata mafua. Lile koti lake ni jepesi kwa huku.

Hukunisemesha, na ulisema hutanisemesha. Basi acha nikueleze kwa upande wangu, kwa kuwa wewe ulinipa mgongo.

Nilikuwa ukutani mwa kanisa pamoja na wanaume, Valtin kulia kwangu. Mlipoingia getini mazungumzo yalikatika. Wewe na kitambaa cheusi, mtoto katikati, na mumeo na lile koti la reli lenye vifungo vya shaba. Mkasimama kaburini, mkaacha nafasi yangu. Sijawahi kuona nafasi ndogo vile ikaonekana kubwa vile. Nilijiambia, sasa nenda. Padri alishapita kaburi la Steinwand, alishapita la mwenye kinu, anawakaribia ninyi, na mimi nimesimama pale kama gogo. Niliona aibu, Burgl, mpaka masikio yakawaka.

Ndipo mumeo akachukua kile kitawi cha msonobari kwenye bakuli la maji ya baraka, akanyunyiza kaburi kama inavyotakiwa. Nikadhani atakirudisha. Hakukirudisha. Akaweka kofia kwapani akavuka makaburi kuja kwetu, hatua thelathini, watu wote wanatazama, na maji yanadondoka kwenye kiatu chake. Akasimama mbele yangu akaninyoshea kitawi. Akasema kwa Kijerumani, "Kaka, wewe zamu." Kijerumani kibovu, sijasikia kibovu kama kile.

Valtin akasema taratibu, "Ukikipokea, mlangoni kwako hutatuona tena."

Nilikipokea. Hukuona uso wangu wakati huo, na nashukuru. Nikaja nikasimama mahali pangu, nikamnyunyizia Mama.

Valtin ni mtu wa kutimiza anachosema. Tangu siku ile hakuna aliyenisalimu. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kuchinja nguruwe; kila mwaka wanakuja watu watano kunisaidia. Nilichemsha maji toka asubuhi, nikanoa visu, nikasubiri mpaka maji yakapoa. Hakuja hata mmoja. Nguruwe yuko zizini anakula tu na kunitazama. Sikulaumu wewe wala yeye. Nakuambia ili ujue, maana nimechoka kukuficha mambo.

Mpe shemeji salamu zangu.

Kaka yako,
Kassian


Verona, 12 Novemba 1961

Kaka Kassian,

Salamu. Sisi hatujambo, Loretta hakupata mafua.

Nilimsomea Silvano barua yako. Nilipofika kwenye neno shemeji alinirudisha nyuma nilisome tena, kisha akaenda kwa mkubwa wake kuomba siku tatu. Amepewa. Atapanda treni ya Ijumaa asubuhi, na basi litamshusha kwenu saa sita. Nilimwonya kwamba nguruwe wenu ni mkubwa na wewe ni mkali. Anasema miezi sita sasa amekuwa akiwashusha abiria walevi kwenye treni, hamwogopi nguruwe. Mshukie stendi, asije akapita mbele ya Steinwand peke yake na Kijerumani chake kile. Mpe chakula cha kushiba, na mumtie huyo nguruwe chumvi mapema.

Anakuja peke yake. Mimi sitakuja bado. Loretta kaniuliza kwa nini, nikamjibu kwamba nina hasira na mjomba wake, na ndivyo ilivyo. Nakupenda na nina hasira, yote mawili kwa pamoja, na sijui nifanyeje. Nikikaa leo kwenye ile meza nitautazama mlango wa chumba cha Mama, na nitakusikia ukimwambia niko njiani.

Nitakuja siku nitakapoweza kukaa kitako ukanisimulia siku zile sita, moja baada ya nyingine, alichokula, alichosema, alilala saa ngapi, bila mimi kukurushia sahani. Anza kuzikumbuka vizuri. Usiache hata moja.

Mdogo wako,
Burgl